Uwanja Ndio Unaochagua Mashine
Hesabu ya kukata nyasi kwa aliyenunua nyumba Marekani

Aprili ikifika Ohio, maduka makubwa ya vifaa vya nyumbani hupanga matrekta madogo ya kukatia nyasi nje ya milango yao, mekundu, ya kijani, ya manjano, kila moja na kikaratasi cha bei kimening'inia kwenye usukani. Aliyenunua nyumba wakati wa baridi, theluji ikiwa imefunika kila kitu, hapo ndipo anapogundua kwamba hakununua kuta na paa peke yake. Amenunua na nusu eka ya nyasi, na nyasi zenyewe zimeshaanza kuota. Miji mingi ya nchi hii ina sheria ya urefu wa nyasi. Ukizidisha, unaletewa barua ya onyo; ukiipuuza, mji unatuma watu wake wakate, kisha bili inakujia wewe.

Sisi tulikuwa hivyo hivyo. Mimi na mume wangu tulikulia Tanga, na nyasi tulizozijua ni zile za kufyeka kwa fyekeo shuleni, mkiwa mmejipanga mstari. Tulipopata nyumba nje kidogo ya Columbus, tulikwenda dukani Jumamosi moja, tukaliona trekta linalong'aa, muuzaji akatuambia linafaa kwa uwanja wowote, tukalipa. Wiki ya sita, asubuhi yenye umande, mume wangu alikuwa anakata nyuma ya nyumba, akiukingama mteremko unaoshuka kwenye mfereji. Gurudumu la nyuma la upande wa juu lilipoteza mshiko. Trekta liliteleza ubavu, polepole tu, hadi likaegemea uzio wa jirani. Aliruka, akateguka kifundo cha mkono. Kwa rehema za Mungu, alipotoka kitini injini ilizimika na visu vikasimama.

Jioni niliweka simu juu ya ubao, nikaulaza ubao kwenye nyasi, nikasoma kipimo: digrii 19. Kijitabu cha trekta, ambacho tulikuwa hatujakifungua, kilisema mwisho ni 15. Tangu siku ile, kila ndugu anayeniuliza anunue trekta gani namwambia kwamba swali hilo ni la pili. La kwanza ni la uwanja wake.

Pima kabla ya kulipa

Eneo ndilo la kwanza. Eka moja ni futi za mraba 43,560, karibu mita za mraba 4,050. Karatasi za nyumba huonyesha ukubwa wa kiwanja kizima, kwa hiyo toa nyumba, njia ya gari, baraza na miti. Kinachobaki ndicho utakachokata. Wengi wanaosema wana nusu eka, ukipima nyasi zenyewe unakuta robo eka na kidogo.

Mteremko unafuata. Simu nyingi za kisasa zina programu ya kupima digrii. Laza ubao wa urefu wa mita moja hivi kwenye sehemu kali kuliko zote, weka simu juu yake. Digrii 15 maana yake ardhi inapanda karibu sentimita 27 kwa kila mita moja. Watengenezaji wengi wa matrekta ya nyasi wanaweka mpaka wao hapo, na baadhi ya mashine zina mpaka wa digrii 10 tu. Huo mpaka ni wa ardhi kavu. Nyasi mbichi zenye umande huteleza hata chini ya hapo.

Pima na geti. Trekta la kawaida lina upana wa kukata wa inchi 42, lakini mdomo wa kutupia nyasi unajitokeza pembeni, na hata ukiukunja bado trekta linataka nafasi zaidi ya inchi 42. Geti nyingi za uani ni za inchi 36 au 48. Namjua mtu aliyenunua mashine ya inchi 48 kisha ikabidi ang'oe nguzo ya geti.

Mwisho hesabu vizuizi: miti, vitanda vya maua, bembea ya watoto, nguzo ya sanduku la barua. Kila kizuizi kinakula dakika zako, na ndicho kinachoamua kama utahitaji mashine inayogeuka kwa wepesi. Angalia pia pa kuilaza. Trekta linalolala nje mvuani na kwenye theluji linazeeka haraka, na uzee huo ni gharama.

Aina zilizopo na zinamfaa nani

Mashine ya kusukuma, yenye upana wa inchi 21 hivi, ndiyo ya bei ya chini. Ile inayojivuta yenyewe kwa magurudumu, wewe unaiongoza tu, huuzwa kwa kawaida kati ya dola 350 na 600. Inapita kwenye geti lolote, inalala kwenye kona ya gereji, na kwenye mteremko ndiyo yenye usalama zaidi ya zote, kwa sababu ikiteleza hujakalia. Inakula muda na inataka miguu.

Trekta la nyasi ndilo lile lililopangwa nje ya duka: injini mbele, usukani wa duara, visu viwili au vitatu chini ya tumbo ndani ya kifuniko cha chuma. Mapya ya daraja la kawaida yanaanzia kama dola 2,000 na kupanda hadi 3,500. Giaboksi ya mengi ya haya imefungwa kiwandani, haina mahali rasmi pa kubadilisha oili. Kwa kukata nyasi na kuvuta kitoroli cha majani inatosha. Kwa kulima haitoshi.

Ziro-tani ni mashine inayogeuka palepale, unaiongoza kwa fimbo mbili badala ya usukani, injini ikiwa nyuma. Kwenye uwanja tambarare wenye miti mingi huwezi kuishinda, maana inauzunguka mti bila kuacha ukingo wa nyasi. Za nyumbani zinaanzia kama dola 3,000 na nyingi zinazidi 4,000. Udhaifu wake ni mteremko. Magurudumu ya mbele yanajizungukia tu kama ya kiti cha ofisini. Uongozi na breki vyote viko magurudumu ya nyuma, na hayo yakikosa mshiko huna tena cha kuishikia.

Trekta la bustani linafanana na trekta la nyasi kwa sura, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Hili lina fremu nzito, ekseli nene, na giaboksi iliyojengwa kuvuta jembe na mashine ya kutifulia udongo. Ukoo wake ni wa zamani: kampuni ya International Harvester ilitoa Cub Cadet ya kwanza mwaka 1961, na John Deere ikafuata na namba 110 mwaka 1963. Baadhi ya matrekta ya miaka ile bado yanafanya kazi hadi leo, kwa sababu yalitengenezwa yafunguliwe na kurekebishwa. Mapya ya kweli ya aina hii mara nyingi yanapita dola 5,000.

Neno hilo la bustani linawavuta sana watu wetu. Jirani yetu, mama mmoja wa Kikongo, analima lengalenga, maharage na mahindi meupe nyuma ya nyumba yake, na alikuwa karibu kununua trekta la bustani kwa ajili hiyo. Tukakaa mezani tukapiga hesabu. Shamba lake linatifuliwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Mei, kazi ya nusu siku. Mashine ya kutifulia ya kukodi inamgharimu chini ya dola 100. Ili trekta la dola 5,000 lirudishe pesa yake kwa kutifua tu, angelima zaidi ya miaka 50. Anakodi hadi leo, na lengalenga zake tunazila.

Mashine za betri zipo kwa nyingi ya aina nilizozitaja. Hazina oili, hazina plagi, hazina kabureta, na hazimwamshi jirani. Bei ya trekta au ziro-tani ya betri kwa kawaida iko juu ya ile ya petroli yenye upana ule ule, na betri yenyewe ndiyo sehemu ghali kuliko zote, kwa hiyo soma udhamini wa betri peke yake, mbali na udhamini wa mashine. Walioko California jambo hili limewahusu kwa sheria: injini ndogo mpya za bustani zinazotengenezwa kuanzia mwaka 2024 kwa ajili ya kuuzwa jimboni humo zinatakiwa zisitoe moshi. Kwa uwanja mdogo, chini ya robo eka, mashine ya betri ya kusukuma ni chaguo ambalo sina shaka nalo.

Hesabu ya miaka mitano

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Hebu tuchukue mfano wa nusu eka ya nyasi, tambarare, Ohio. Msimu ni Aprili hadi Oktoba, tuseme unakata mara 28. Petroli tuiweke dola 3.30 kwa galoni. Namba hizi ni za mfano. Wewe weka za kwako, njia ya kukokotoa ni hii hii.

Kukodi mtu wa kukata: ukikubaliana dola 55 kwa kila mara, ni dola 1,540 kwa mwaka. Miaka mitano, dola 7,700. Huna mashine ya kutunza na huna saa unayopoteza.

Mashine ya kusukuma inayojivuta, dola 450: kila kukata ni dakika 80, jumla saa 37 na dakika 20 kwa msimu. Petroli kama galoni 11, dola 37. Oili, plagi na kunoa kisu, dola 40. Miaka mitano, pamoja na kununua, dola 835.

Trekta jipya la dola 2,400: kila kukata ni dakika 40, jumla saa 18 na dakika 40. Petroli kama galoni 19, dola 63. Matunzo dola 150 kwa mwaka. Ongeza betri moja na mkanda mmoja ndani ya miaka hiyo, dola 100. Jumla dola 3,565. Ukiliuza kwa dola 1,000, umebaki na gharama ya dola 2,565.

Trekta la mkononi la dola 1,000: huduma ya kwanza dola 200, matengenezo ya ziada dola 500, petroli na matunzo yale yale. Jumla dola 2,765. Ukiliuza kwa 500, gharama ni dola 2,265.

Sasa linganisha kwa muda. Trekta jipya limekugharimu dola 1,730 zaidi ya mashine ya kusukuma, na limekuokolea saa 93 ndani ya miaka mitano. Yaani kila saa uliyookoa umeinunua kwa dola 18 na nusu. Kwa anayefanya zamu mbili ghalani, anayelala mchana, saa hiyo inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko hapo. Kwa mwingine, saa moja ya kutembea nyuma ya mashine Jumamosi ndiyo mazoezi anayolipia jimu.

Rudia hesabu hiyo kwa eka nzima. Kusukuma kunachukua dakika 160, trekta dakika 75. Gharama ya ziada ya trekta inabaki karibu dola 1,800, lakini saa unazookoa zinafika 198. Kila saa sasa inakugharimu takriban dola 9. Trekta ni lile lile na duka ni lile lile. Uwanja umeongezeka mara mbili, na bei ya saa imeshuka nusu. Ndiyo maana siwezi kumjibu mtu kama trekta ni ghali au rahisi kabla hajaniambia ana nyasi kiasi gani.

Ukinunua la mkononi

Soko la mkononi ni zuri kwa anayejua kuangalia. Nenda injini ikiwa baridi, umwombe mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Injini iliyopashwa joto huficha ugonjwa wa kuwaka. Likiwaka, angalia moshi. Moshi wa buluu usioisha maana yake injini inakula oili. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa, chomoa kijiti cha oili: oili nyeusi ni uzembe wa kawaida, oili yenye harufu ya petroli ni tatizo la kabureta.

Endelea na giaboksi. Liendeshe dakika 15 hadi 20 mpaka lipate moto, kisha lipandishe kilima kidogo. Giaboksi iliyochoka hupanda vizuri ikiwa baridi, ikipata moto huanza kulegea. Kuibadilisha kunaweza kufikia bei ya trekta lenyewe la mkononi. Rudi ulizime tena, utoe ufunguo, uchungulie chini ya kifuniko cha visu, ukichokonoe kwa bisibisi palipo na kutu. Bisibisi ikipenya, omba punguzo au ondoka.

Kasoro ya mwisho siikubali hata kwa punguzo. Ukiwa ardhi tambarare, mtu asiwe karibu, visu vinazunguka, inua makalio kidogo kutoka kitini huku umeshika usukani. Injini lazima izimike. Isipozimika, kuna mtu ameunganisha waya kuiruka swichi ya kiti, kwa kuwa ilikuwa inamsumbua. Swichi hiyo ndiyo iliyomrudisha mume wangu ndani ya nyumba akiwa na mkono ulioteguka tu. Mtu aliyeikata ili asisumbuliwe, mengine aliyoyafanya kwenye trekta hilo huyajui.

Usalama ni sehemu ya bei

Ncha ya kisu cha trekta hukimbia zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Jiwe dogo likidakwa hapo linatoka kama risasi. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, tembea uwanja mzima uokote mawe, matawi, vijiti vya kuchezea na mifupa ya mbwa. Vaa viatu vilivyofunika vidole, suruali ndefu, kinga ya macho na ya masikio. Kandambili ziache mlangoni.

Panda na kushuka mteremko ukiwa juu ya trekta, usiukingame. Kwa mashine ya kusukuma ni kinyume: ukingame, maana ukipanda na kushuka unaweza kuteleza mguu wako ukaingia chini ya mashine. Usigeuze ghafla mteremkoni, usisimame ukaanza tena katikati ya kilima, na ukingo wa mfereji uachie nafasi ya upana wa trekta mara mbili, ukaumalizie kwa mashine ya kusukuma. Sisi mteremko wetu wa nyuma hatuupandi tena na trekta. Tumepanda miti mitano na maua ya kutambaa, na kila mwaka eneo la kukata linapungua.

Kuhusu watoto nitasema waziwazi. Usimpakate mtoto kwenye trekta, hata mara moja, hata injini ikiwa taratibu, hata kwa picha. Anaweza kuanguka mbele ya visu, hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba mtoto aliyepakatwa Jumamosi hii, Jumamosi ijayo akisikia mlio atakimbilia trekta akitaka kupakatwa tena, na atakuja kutokea nyuma, ambako wewe husikii wala huoni. Matrekta mengi ya sasa huzima injini au visu ukirudi nyuma visu vikiwa vinazunguka, lakini mengi pia yana kitufe au hatua ya ufunguo ya kuiruka kinga hiyo. Usiizoee. Simamisha visu, geuka utazame nyuma na chini, ndipo urudi. Jumuiya ya madaktari wa watoto wa Marekani inashauri asiyetimiza miaka 16 asiendeshe trekta la nyasi, na asiyetimiza miaka 12 asiguse hata mashine ya kusukuma. Wadogo wawe ndani ya nyumba na mtu mzima anayewaangalia, si barazani.

Petroli nayo ina adabu zake. Usijaze tangi injini ikiwa ya moto. Dumu lijaze likiwa chini ardhini, si juu ya zulia la buti au plastiki ya pikapu, kwa sababu cheche ya umeme tuli inaweza kulipua mvuke. Usiwashe trekta ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu na inaua. Ukimaliza kukata, futa nyasi kavu kwenye ekzozi na uliache lipoe nje kabla ya kulifungia karibu na hita ya maji.

Matunzo: saa chache zinazookoa pesa nyingi

Trekta linalokata saa 19 kwa mwaka halichoki kwa kazi. Linaharibika kwa kukaa. Adui wa kwanza ni petroli iliyolala. Petroli ya vituo vingi hapa ina ethanoli asilimia 10, na ethanoli hunyonya maji. Ikikaa miezi, inaacha gundi ndani ya kabureta, na Aprili trekta haliwaki. Kulisafishia kabureta kwa fundi ni dola 100 na zaidi. Chupa ya dawa ya kuhifadhi petroli ni kama dola 10. Itie Oktoba, jaza tangi, washa injini dakika chache ili petroli yenye dawa ifike kwenye kabureta, kisha lilaze. Na kituoni usichukue ile yenye ethanoli asilimia 15, hata kama ni nafuu. Injini ndogo hizi haziruhusiwi kuitumia.

Oili ibadilishe kila baada ya saa 50 hadi 100 kufuatana na kijitabu, au mara moja kwa mwaka hata kama saa hazijafika. Chujio la hewa likung'ute mara kwa mara na ulibadilishe kila mwaka. Pima upepo wa matairi: tairi moja likiwa limelegea, trekta linakata upande mmoja chini na mwingine juu, na watu huishia kulaumu visu. Tia grisi kwenye vitundu vya grisi vya ekseli ya mbele na mihimili ya visu. Betri ichomoe wakati wa baridi au iwekee chaja ndogo ya kuilinda.

Kazi ninayoipenda ni ya visu, nayo nimejifunza kuifanya mwenyewe. Utajua vimeshindwa kazi ukiangalia nyasi siku mbili baada ya kukata: ncha zimechanika na kugeuka kahawia badala ya kukatika safi. Natoa ufunguo, nachomoa waya wa kila plagi, napandisha magurudumu ya mbele kwenye rampu, breki imefungwa na vizuizi nyuma ya magurudumu. Jeki peke yake siiamini. Siingii chini ya kitu kilichoshikwa na jeki. Nikishavaa glavu nene, nafungua kisu, nakikwangua nyasi zilizogandamana, nanoa kwa tupa nikifuata mwinamo ule ule wa kiwandani. Kisha napigilia msumari ukutani, nakitundika kisu kwa tundu lake la katikati. Upande mzito unashuka. Natia tupa kidogo upande huo, natundika tena, hadi kilale sawa kama mizani ya dukani isiyo na kitu. Kisu kisicho sawa kinatetemesha trekta zima na kuua beringi za mhimili wake. Visu vyote vinanichukua saa moja na nusu, mara mbili au tatu kwa msimu. Kikiwa na ufa au kimepinda sikinoi; nanunua kipya.

Na usikate chini mno. Kwa nyasi za majimbo ya baridi kama Ohio, inchi 3 hadi 3 na nusu ndiyo kimo kizuri, na kwa mkupuo mmoja usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Nyasi ndefu kidogo zina mizizi mirefu, zinavumilia Julai, na zinayabana magugu. Hiyo ni pesa ya dawa uliyoiokoa bila kufanya lolote. Kama utampelekea fundi trekta, mpelekee Januari au Februari. Aprili foleni ni ndefu na nyasi zako hazipangi foleni.

Uamuzi wangu

Chini ya robo eka, nunua mashine ya kusukuma, ya betri ukiweza. Kati ya robo na nusu eka, inayojivuta yenyewe inatosha, isipokuwa magoti au zamu za kazi zinakukataza. Nusu eka hadi eka mbili za ardhi tambarare, trekta la nyasi, na kama una jicho la fundi au ndugu mwenye jicho hilo, la mkononi ndilo lenye faida kubwa. Uwanja tambarare wenye miti mingi na mfuko unaruhusu, ziro-tani. Trekta la bustani ni la mwenye shamba la kweli, anayelima na kuvuta mizigo kila wiki, mwingine akodi. Palipozidi digrii 15, au mpaka wa kijitabu ukiwa chini ya hapo, usikalie mashine yoyote kati ya hizi. Sukuma, panda miti, au lipa mtu mwenye vifaa vya mteremko, umwombe kwanza karatasi ya bima yake.

Ndugu msomaji, Jumamosi hii usiende dukani. Chukua tepu, ubao na simu, toka nje uupime uwanja wako, uandike namba nne: eneo, digrii, upana wa geti, idadi ya vizuizi. Dukani nenda Jumamosi ijayo, karatasi hiyo ikiwa mfukoni.